Tausi wa Manyoya Kumi na Moja

Julai 2. Nyekundu.

Daftari hili aliliacha binti yangu Shagufta alipoolewa Multan. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu zake za darasa la nane, zote amekosa, nimezichana. Mimi ni Nazakat Hussain, fundi wa kupamba malori, mtu wa mji wa Pindi, miaka sabini na moja ikiwa marehemu mama yangu alisema kweli. Shule niliiacha darasa la tano, siku nilipomchora mwalimu wa dini akiwa na mkia. Mkia ulikuwa mzuri. Mwenyewe aliutazama mara mbili kabla hajanichapa.

Siandiki kwa kuwa nina hekima ya kuwaachia watu. Najaribu penseli. Seth Akhlaq wa duka la vifaa vya shule ameniuzia kopo la penseli za rangi kumi na mbili, akaniambia, "Ustad, kila rangi ijaribu kwanza kwenye karatasi." Kuparura mistari mitupu kama kuku sioni raha yake. Basi kila siku nitaandika kwa rangi moja. Rangi ikidumu na maneno yadumu. Ikifa, yafe nayo, hayatapungukiwa chochote.

Julai 3. Kijani.

Niseme jambo lenyewe kabla mvua haijaanza. Mwaka jana daktari alinisikiliza kifua, akauliza nimevuta harufu ya rangi ya mafuta na thina kwa miaka mingapi. Nikamwambia hamsini na tano. Akasema siku nikifungua kopo jingine la rangi nisimtafute yeye, nimtafute mchimba makaburi.

Juma lile lile Ishtiaq akapanda ngazi akaifuta namba yangu. Ishtiaq ni mwanafunzi wangu wa zamani, nilimfundisha kushika brashi akiwa na kamasi puani. Leo ana kitambi na duka la stika mkabala na dirisha langu, anabandika tausi wa plastiki kwenye malori kama mtu anayebandika plasta kwenye jipu. Ukuta wa karakana ulikuwa na maandishi yangu kwa miaka kumi na minane: USTAD NAZAKAT, na namba ya simu, tarakimu kumi na moja, kila moja na kivuli chake. Akaipaka chokaa.

Fundi wa malori hana saini. Ana jina na namba, anaviandika kwenye kila ubao aliouchora, ili dereva akiwa Quetta akimpenda tausi wa mwenzake ajue ampigie nani. Malori yangu ya zamani yamekatwa kuwa chuma chakavu. Ukuta ndio uliokuwa umebaki. Tangu siku ile simu yangu inalia kwa jambo moja tu: Shagufta anauliza kama nimekula.

Nataka namba yangu irudi mahali watu wanapoiona. Hilo tu. Sijaomba pepo.

Julai 5. Buluu.

Amekuja mwanamke wa ukumbi wa sanaa, anaitwa Bibi Farzin, miwani mikubwa, viatu visivyowahi kuonja matope. Septemba wanafanya maonyesho ya kazi za mafundi wa malori, zote kwenye karatasi.

"Ustad sahib, nimeambiwa wewe ndiye mkongwe wao."

"Mkongwe ni huyu hapa," nikamwonyesha mke wangu Zaitun, aliyekuwa anachambua dengu. "Mimi nimechelewa kulala tu."

Zaitun akanipiga jicho la kuchoma mkate.

Bibi Farzin akaeleza masharti. Kazi ya mkono wako mwenyewe. Hakuna kuchapisha. Ifike ukumbini Septemba 7. Nikamuuliza kuhusu penseli za rangi.

"Kama za watoto?"

"Kama za watoto. Hazina harufu, na daktari hawezi kuzikataza."

Akasita. Akasema picha zitakaa miezi mitatu kwenye ukuta unaotazama madirisha makubwa. "Rangi ikipauka, Ustad sahib, tutaishusha. Sitaki kukuaibisha."

"Na namba ya simu naiandika wapi?"

"Haiandikwi. Hilo ni tangazo. Unatia saini ndogo pembeni, basi."

Nikasema ndiyo, bibi. Nikisema ndiyo haraka hivyo, Zaitun huacha anachofanya na kunitazama.

Julai 6. Zambarau.

Nimeshajua nitachora nini. Tausi wa lori la Jumma Gul. Jumma Gul ni dereva mstaafu, Mpathani, rafiki yangu tangu tulipokuwa na meno. Tausi yule nilimchora nyuma ya lori lake kati ya mawaridi mawili, na lori lenyewe lilikatwa chuma majira ya baridi yaliyopita. Jumma Gul hakula siku mbili. Alipofiwa na shemeji yake alikula vizuri.

Nimempelekea mchoro wa mkaa. Ana jicho moja lenye ukungu, akausogeza mpaka ndevu zikagusa karatasi.

"Manyoya mangapi haya, Lala?" Lala kwao ni kaka, si kulala.

"Tisa."

"Kumi! Mkia wa tausi wangu una manyoya kumi. Nimeyahesabu kila nilipokunywa chai nyuma ya lori, darajani Attock, foleni ikiwa haisogei. Miaka ishirini na sita, Lala, na wewe unaniibia unyoya mchana kweupe?"

Nikaongeza.

Julai 9. Kahawia.

Ishtiaq amepita chini ya dirisha akaniita mbele ya watu: "Ustad! Nasikia umeanza chekechea!" Seth Akhlaq ana mdomo usio na kifuniko.

Nimechana ukurasa, nimeujaza matusi yake juu hadi chini kwa penseli ya waridi, ile inayong'aa kuliko zote. Mstari wa punda umenipendeza hata mimi. Nimeubandika kwenye kioo cha dirisha, maandishi yakitazama duka lake. Jua la alasiri linapiga pale. Na asome.

Julai 10. Chungwa.

Mvua. Amesoma. Amefunga mlango wa duka taratibu sana.

Julai 15. Kijivu.

Niandike mambo ya kazi, maana nikiyaweka kichwani yanateleza.

Karatasi. Chati anayouza Seth ni laini kama shavu la bwana harusi, penseli inateleza, na tabaka la pili la rangi halishiki. Nikamwomba karatasi nyingine akaniletea ngumu yenye kuchubuachubua kidogo. Nimeijaribu kwa mdomo, kama tunavyojaribu msasa: mdomo wa chini ukikwaruza kidogo, rangi itashika. Ana mbili tu, kubwa, zilisahauliwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Nimechukua zote mbili.

Penseli. Kopo la kwanza ni la nta tupu. Ukikandamiza, baada ya siku tatu inatokea ukungu mweupe juu yake kama jicho la Jumma Gul. Nimerudi kwa Seth nikanunua moja moja kutoka kopo la pili, za mafuta, ngumu zaidi. Hazipigi ukungu. Nimezikwangua kwa kucha kabla ya kulipa na Seth analalamika kwamba nawatongoza wateja wake, kwa sababu wanawake waliokuwa dukani walikuja kuangalia.

Kuchonga. Kichongeo kinavunja ncha. Wembe.

Nyeupe. Hapa ndipo mkono wangu wa zamani unanipinga. Kwenye lori unaanza na giza, nyeupe inakuja mwisho, tone juu ya jicho la tausi na ndege anaamka. Penseli nyeupe juu ya nyeusi haifanyi lolote, ni sawa na kumwita Zaitun akiwa na hasira. Nyeupe inabidi uiache tangu mwanzo, karatasi yenyewe ndiyo nyeupe. Yaani niamue leo mwanga utakapokaa mwezi ujao. Miaka hamsini na tano sijawahi kuacha mahali patupu kwenye ubao.

Julai 16. Nyekundu.

Nimechora vistari vya penseli zote kwenye kipande cha karatasi, nusu nimeifunika kwa kibati, nimekibandika dirishani pembeni ya matusi. Seth anasema ndivyo wanavyofanya wakubwa.

Julai 19. Kijani.

Mvua siku ya nne. Kuta zinatoka jasho. Karatasi zimelegea kama chapati ya jana. Nimemwomba Zaitun sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo siku ya harusi. Ndilo pekee lisiloingia unyevu katika nyumba hii.

"Lina malihafu ya mama yangu, mablanketi aliyoyashona kwa pamba."

"Malihafu hayaendi kwenye maonyesho."

"Na wewe bado hujaenda, Baba Shagufta. Weka chini ya godoro. Utazinyoosha kwa uzito wa maneno yako."

Nimeziweka chini ya godoro.

Julai 27. Buluu.

Nimeanza. Shingo ya tausi. Mkono unatetemeka, lakini penseli ina huruma kuliko brashi: brashi ikitetemeka inasema wazi, penseli unapita juu yake tena na tena mpaka kutetemeka kunakuwa manyoya.

Agosti 3. Zambarau.

Shingo bado.

Agosti 4. Zambarau.

Shingo. Jumma Gul alikuja, akakaa, akanusa. "Haina harufu," akasema kwa masikitiko. "Nitajuaje kama unafanya kazi?"

Agosti 7. Buluu.

Mawaridi mawili, kwa ile penseli ya waridi inayong'aa. Lori bila waridi ni gari la maiti.

Agosti 11. Kahawia.

Leo jua limetoka kali baada ya mvua, nikaenda dirishani kuangalia Ishtiaq anateseka vipi, nikakuta karatasi tupu. Matusi hayapo. Niliyatafuta nikiwa nimeziba jicho moja, kisha jingine. Panaonekana tu mikwaruzo ya penseli mahali palipokuwa na punda.

Nikakibandua kipande cha majaribio, nikaondoa kibati. Waridi: chini ya kibati inang'aa, nje ya kibati haipo. Zambarau imekuwa maji ya mchele. Chungwa imechoka. Buluu na nyeusi zimesimama. Na iliyosimama kuliko zote, bila tofauti hata ya unywele, ni moja niliyoinunua kwa bahati mbaya nikidhani ni nyekundu: rangi ya tofali. Sura yake mbaya kama ya karani.

Ishtiaq alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama. Akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Ustad! Ile ya punda ilikuwa nzuri! Niliwasomea wateja kabla haijafutika!"

Nilikuwa nafikiria mawaridi yangu. Miezi mitatu mbele ya madirisha makubwa. Yangegeuka mashimo meupe mawili na Bibi Farzin angenishusha kwa heshima zote.

Agosti 12. Tofali.

Raba inachubua karatasi. Nikakumbuka baba yangu alivyokuwa akisafisha michoro kwa unga uliokandwa. Nikaiba donge la Zaitun la chapati, nikaligandamiza juu ya waridi, nikanyanyua. Linabeba rangi kama mbwa anayebeba kiatu. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa nagandamiza na kunyanyua.

Kisha nikajaribu tofali, mkono mwepesi kabisa, kama mtu anayempapasa paka asiyemwamini, karatasi nyeupe ikionekana chini yake. Ikatoka waridi. Waridi la kweli, la bustani. Lile jingine lilikuwa waridi la peremende.

Jioni Zaitun akauliza kwa nini chapati zina mashavu mekundu.

Agosti 14. Kijani, kwa heshima ya bendera.

Sikukuu ya uhuru, mavuvuzela mtaa mzima. Sikufanya kitu.

Agosti 20. Nyeusi.

Nimemaliza. Manyoya kumi. Jumma Gul ameyahesabu mara mbili kwa kidole kilichonyanyuliwa, bila kugusa, kisha akatoka nje na kujifanya anapenga kamasi.

Agosti 21. Nyeusi.

Naandika haya kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu.

Kila fundi wa malori wa Pindi, kazi ikiisha, hufanya jambo moja la mwisho. Anachukua kitambaa, anakitia mafuta ya haradali kidogo, anaupangusa ubao wote kabla dereva hajaja. Lori linatoka karakanani likimetameta, watoto wanalifuata. Baba yangu alifanya hivyo. Nimefanya hivyo kwenye malori nisiyoweza kuyahesabu. Mkono ndio unaofanya, kichwa hakiulizwi.

Asubuhi niliamka nikiwa na furaha. Nikaiweka picha ukutani. Nikasema, haya sasa, bwana harusi, tukupanguse. Chupa ya haradali ilikuwa pale jikoni na kitambaa kilikuwa begani kwangu kama kawaida. Nilikuwa naimba.

Nilipita kutoka kona ya juu hadi kifuani kwa tausi kabla sijaona. Karatasi ilikuwa inageuka kama kioo kichafu. Ukuta ukawa unaonekana kupitia shingo ya tausi. Shingo ya siku kumi. Nikamwagia unga, unga ukanywa mafuta na kuwa uji. Nikaita, "Zaitun!" kwa sauti ambayo sijaitumia tangu Shagufta alipoanguka kisimani.

Akaja. Akatazama picha, akatazama kitambaa, akaelewa yote. Miaka arobaini na minane nasubiri siku ambayo mwanamke huyu atakosa la kusema, na ilipofika sikuitaka.

Nikamwambia sasa basi. Niwaachie wenye stika. Nimekaa sakafuni kama mtoto. Zimebaki siku kumi na saba, na karatasi ya pili iko chini ya godoro, na juzi dari ilivuja upande ule ule wa kitanda.

Agosti 22. Tofali.

Karatasi ya pili haikuwa chini ya godoro. Niliinua godoro nikakuta gazeti lililolowa na mende mmoja.

Zaitun akavuta sanduku la bati katikati ya chumba. Akatoa lihafu la kwanza, la pili, la tatu, kila moja akiliweka kitandani kama mtoto mchanga. Kati ya la tatu na la nne karatasi yangu ilikuwa imelala, imenyooka, kavu, inanukia majani ya mwarobaini.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoitoa ile ya kwanza."

"Ulikataa!"

"Nilikataa ili usizoee." Akakaa pembeni ya sanduku. "Na jambo jingine ulisikie ukiwa umekaa vilevile. Namba yako ukutani, Ishtiaq hakuifuta kwa akili yake. Nilimwambia mimi. Watu walikuwa wanapiga, wewe unasema nakuja, unakwenda, unarudi unakohoa damu na kunificha kitambaa. Nilimwendea dukani nikalia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akachukua ngazi, na alipokuwa anapaka chokaa na yeye alikuwa analia, mnene yule, ngazi nzima inatikisika."

"Na kwa nini alinyamaza mwaka mzima? Nilimwita punda dirishani!"

"Alisema afadhali umchukie yeye, maana mimi ndiye ninayekupikia."

Nimekwenda dirishani. Kile kikaratasi kitupu bado kipo kwenye kioo. Nilikuwa nimenuia kuyaandika matusi upya kwa tofali, yadumu. Nimekibandua.

Agosti 23. Tofali.

Hakuna kulia. Karatasi moja, siku kumi na tano, na kila kosa nimeshalifanya. Hiyo ni mali. Kijana angeanza bila chochote.

Penseli nne tu: buluu, nyeusi, kijani ya kopo la pili, tofali. Nyeupe nimeshaipangia mahali pake. Chupa ya haradali Zaitun ameihamishia kwa jirani.

Nimefikiria jambo jingine pia. Tausi wa Jumma Gul alikuwa na manyoya kumi. Huyu atakuwa na kumi na moja. Sababu tunaijua mimi na penseli ya tofali.

Agosti 25. Tofali.

Shingo.

Agosti 26. Tofali.

Shingo. Mvua. Karatasi inalala sandukuni, mimi nalala kwenye malihafu. Mama mkwe wangu marehemu ananichoma mgongoni kwa kila mshono.

Agosti 29. Tofali.

Nimevuka barabara. Nilimkuta Ishtiaq anakata stika, akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka, kama zamani.

"Unataka nini, Ustad?"

"Wembe. Zangu zimeisha makali."

Akanipa pakiti nzima. Nikaangalia tausi wake wa plastiki mezani. Nikamwambia jicho limekaa juu mno, ndiyo maana anaonekana kama ameshtakiwa. Akalitazama. Akasema, "Kweli." Akaniagizia chai. Nikainywa yote.

Septemba 2. Tofali.

Manyoya saba. Bega linauma. Zaitun ananisugua kwa mafuta ya haradali ya jirani na kunikumbusha kwamba hapa ndipo mahali pake.

Septemba 4. Tofali.

Tisa.

Septemba 6. Tofali.

Kumi na moja. Mawaridi mawili. Mwanga wa jicho niliuacha wazi tangu siku ya kwanza, tundu dogo kama punje ya ufuta, nimelizungushia weusi leo asubuhi, na ndege ameamka. Nikajikuta nimenyoosha mkono begani kutafuta kitambaa. Zaitun alikuwa amesimama nyuma yangu ameshakishika.

Septemba 7. Tofali.

Tumeipeleka kwa riksho, Zaitun ameikumbatia ndani ya lihafu kama mgonjwa. Bibi Farzin aliisimamisha mezani akavua miwani.

"Hizi ni penseli?"

"Za watoto."

"Na hazitapauka?"

Nikampa kile kipande cha majaribio, nusu imefunikwa, nusu imekaa mwezi mzima juani. Akakigeuza, akakisoma kama cheti cha ndoa. Kisha akakagua kona zote nne za picha. Kona ya chini nimeandika Nazakat, herufi ndogo, kiungwana kabisa.

"Nashukuru hukuweka namba, Ustad sahib. Wenzako watatu nimewarudisha nyumbani wakafute."

Nikasema sheria ni sheria, bibi. Zaitun akaanza kukohoa, na si mgonjwa.

Septemba 14. Tofali.

Mvua imekatika juzi. Ukumbi umejaa: mafundi waliovaa mashati ya Idi, madereva waliokuwa hawajui mikono waiweke wapi, wanawake wa miwani. Tausi wangu yuko katikati ya ukuta, fremu nyeusi, kioo, madirisha makubwa yanamtazama. Zaitun amevaa shali nyekundu na anamwambia kila anayepita kwamba karatasi ilitoka kwenye sanduku lake.

Jumma Gul akaja na fimbo. Akasimama mbele ya picha. Midomo ikaanza kutembea. Akarudia. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Lala! Umenizidishia unyoya!"

"Nyamaza, mzee."

"Wangu alikuwa na kumi! Huyu ana kumi na moja! Wa nini huu mwingine?" Akasogeza lile jicho zima mpaka pua ikagusa kioo, mlinzi akashtuka. "Na ndani ya doa la unyoya kuna kitu. Kuna duara... hii ni sifuri. Na huu una tatu." Akapiga hatua ya pembeni, kama kaa. "Lala, huu nao una tarakimu!"

Dereva hawezi kuona maandishi nyuma ya lori asiyasome kwa sauti. Akaanza upya kutoka kushoto, unyoya kwa unyoya, fimbo ikionyesha, na madereva wengine wakamfuata kama darasa la kwanza. Tarakimu kumi na moja, ndogo, kwa penseli ya tofali, zimekaa ndani ya madoa ya mkia mahali ambapo jua la miezi mitatu haliwezi kuzifanya kitu. Nikaona watu wanaingiza mikono mifukoni kutoa simu.

Bibi Farzin akanijia. "Ustad sahib!"

"Ndiyo, bibi."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiiandike. Sikuiandika. Nimeichora."

Akatazama picha. Akatazama watu waliojazana mbele yake kuliko mbele ya picha nyingine yoyote. Nikaona pembe ya mdomo wake inamsaliti, inataka kucheka. "Ikipauka naishusha," akasema, akaenda zake.

Hapo simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaipokea.

"Haloo, nani?"

"Ustad Nazakat? Naulizia kama bado unapokea kazi."

"Wewe nani?"

"Geuka."

Nikageuka. Ishtiaq alikuwa kwenye meza ya samosa, simu sikioni, kitambi mbele, macho mekundu.

"Nina lori la kutoka Kohat," akasema kwenye simu, ananitazama. "Mwenyewe hataki stika. Nikamwambia kuna fundi mmoja anachora kwa penseli, hana harufu, mimi nitahamishia ubaoni kwa brashi, yeye asimame mbali anitukane. Unaonaje?"

Nikamwambia apige kesho, leo nina watu.

Septemba 15. Tofali.

Simu nne kabla ya chai ya asubuhi. Ya kwanza Ishtiaq. Ya tano Shagufta, anauliza kama nimekula. Nikamwambia aharakishe, anaziba laini.